Mshale Uliotazama Mlima

Kwa Baba Mdogo Meitamei,
Ngarenaro,
Arusha.

Jumapili, 25 Agosti 1996.

Mpendwa Shangazi Sinyati,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Ebenezer na Ebenezer mwenyewe, ambaye bibi yake, Koko, hachoki kuuliza kama ameshaanza kutembea. Huko Nachingwea jua linasemaje? Hapa kwetu baridi ya Julai iligoma kuondoka. Tumevaa masweta ya mitumba mawili mawili, na mlima ulijifunika mawingu wiki nyingi mpaka wageni wakawa wanauliza kama kweli upo.

Goti lako linaendeleaje? Ulisema kwenye barua ya Pasaka kwamba linakuuma ukisimama sana zahanati. Koko ameniagiza nikuulize kama unapaka yale mafuta ya kondoo aliyokupelekea, au umeyaficha kwa sababu yananuka. Niambie ukweli mimi, yeye nitamwambia unayapaka.

Sisi hatujambo. Baba na Mama wako Olkokola na ng'ombe wao, na Koko bado anakamua mwenyewe na kuwafukuza wanaotaka kumsaidia. Baba Mdogo Meitamei hana nafasi ya kulalamika siku hizi, maana karakana imejaa Land Rover za watalii zinazotaka kuchomelewa vyuma. Anasema sasa kila mwenye gari Arusha ana kampuni. Korosho zako zilifika salama. Tulizila siku ileile, nisamehe, nilitaka kuzipeleka nyumbani lakini harufu ilitushinda.

Shangazi, mwandiko ukiuona unapanda na kushuka, usidhani naumwa. Nimekaa kwenye benchi la kazi la Baba Mdogo, leo Jumapili nyundo zimelala, na bado siwezi kutulia. Kila nikiandika mistari michache nasimama naenda getini kumtazama mtu ambaye najua haji. Nikirudi nakuta wino umekauka kwenye ncha. Nimeng'ata kucha mpaka hazing'atiki. Kwa hiyo nimeamua nikueleze wewe, kwa sababu uko mbali na hutanitazama usoni nikieleza.

Mtu ninayemtazamia ni Evaresta. Ni rafiki yangu wa kidato cha tatu, baba yake ana duka hapahapa Ngarenaro na huleta bidhaa kutoka mpakani Namanga. Evaresta anaongea, Shangazi. Anaongea Kiingereza kama anakunywa maji. Mimi unanijua. Mwaka jana kwenye mdahalo walinilazimisha nisimame, nikasema kwa Kiingereza "Mheshimiwa Mwenyekiti", halafu nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu yote. Tangu siku hiyo shule nzima wananiita Mheshimiwa. Ninapita wanasema, "Simameni, Mheshimiwa anapita, hana la kuongeza!" Nacheka nao, lakini ndani huwa natamani nivae koti la Baba Mdogo nijifungie vifungo vyote mpaka juu.

Sasa, mwezi wa sita Mwalimu Sumari, anayetufundisha jiografia, alikuja darasani na tangazo. Kuna mashindano ya wanafunzi wa nchi nyingi. Mnachora bango kuhusu mahali mnapopafahamu, mnaweka ramani mliyoichora wenyewe, mnaeleza tatizo la mahali hapo na chanzo chake. Mnaliwasilisha kwa Kiingereza mbele ya majaji watakaokuja Arusha, na bango litakalochaguliwa litapelekwa Ulaya pamoja na waliolichora. Mwalimu alisema, "Sitaki nakala ya atlasi. Nataka mahali ulipokanyaga kwa mguu wako." Halafu akaniita mimi kwa sababu ya ramani ninazochora kwenye daftari, na akamwita Evaresta kwa sababu ya mdomo wake. Alisema hivyohivyo. Evaresta aliinamisha kichwa kama amepewa zawadi.

Mimi nikachagua mfereji wetu.

Nilimpeleka Evaresta Olkokola, tukaufuata kuanzia unapotoka msituni, tukapita kwenye mashamba ya wajomba zangu, tukashuka, tukashuka, mpaka kule chini Baba anakonyweshea ng'ombe, ambako siku hizi maji hufika yamechoka, na siku nyingine hayafiki kabisa. Evaresta alivaa viatu vya kanisani. Kufika katikati alikuwa ameviua, akavivua akavitia mfukoni akisema, "Usimwambie mama yangu, nitasema nimenyang'anywa na nyani." Koko alimpa loshoro, akayachungulia yale mahindi kwenye maziwa mgando kama dawa, halafu akaomba tena.

Mawingu yalikuwa yamefunga wakati wote huo. Jua hatukuliona. Kumbuka hilo, Shangazi.

Tuliunganisha karatasi za manila kwenye sakafu ya duka la kina Evaresta. Nilichora mlima juu kabisa, msitu, mfereji ukishuka na vichepuko vyake vyote, kila nyumba na mahali inapofungulia maji siku ya zamu yake. Nilichora hata lile jiwe ulilokuwa ukinikalisha nilinde ndama. Sijawahi kufurahia kitu kama kile. Evaresta akaleta maka peni za Kenya, rangi zote, akawa anaandika maelezo kwa mwandiko wake mzuri. Tulipofika kwenye mshale wa kaskazini aliniuliza, "Kaskazini wapi?" Nikasema, "Juu." Sikuwaza hata kidogo. Akachora mshale mwekundu ukielekea mlimani, akaupamba.

Unajua jibu lile lilitoka wapi? Lilitoka kwako. Nilipokuwa mdogo ulinichukua kuchunga, ukungu ukatufunika, ukaniambia, "Ukinipotea usilie. Panda tu. Mlima uko juu na nyumbani ni juu." Mimi kila nikisikia "juu" namwona mlima, na ukutani darasani ramani zote kaskazini iko juu. Vitu viwili vikakaa pamoja kichwani mwangu kama ndugu, na sikuwahi kuviuliza vilikutana wapi.

Mwalimu Sumari aliukagua mshale akatikisa kichwa kukubali. Yeye ni Mmeru wa upande wa pili, kwao mlima uko kaskazini kweli. Na ukisimama shuleni hapa mjini ukautazama mlima, unatazama kaskazini kweli. Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Aliyetakiwa kuona ni mimi peke yangu, niliyezaliwa upande ule.

Kama ingekuwa mshale tu, nisingekusumbua. Lakini bango lilitaka chanzo cha tatizo. Tulitumia somo la mvua tulilosoma darasani: upepo wa mvua hutoka baharini, humwaga maji upande wa kusini na mashariki wa mlima, na ukivuka upande wa pili umeshakauka. Tukatazama ramani yetu na mshale wetu. Kumbe Olkokola iko kusini mwa mlima! Kusini kuna mvua nyingi. Basi kama mvua ni nyingi na chini maji hayafiki, kuna watu wanayamaliza njiani. Evaresta akaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, kwamba watu wa juu wana ubinafsi na ndio wanaowanyima watu wa chini maji. Chini yake akapiga mistari.

Watu wa juu ni wajomba zangu, Shangazi. Na unajua ugomvi wa maji nyumbani unavyokuwa. Baba akirudi kutoka kunywesha anasema, "Shemeji zangu wanaoga mara ngapi kwa siku?" na Mama anakoroga chungu tu.

Bango likashinda shuleni. Likachaguliwa kati ya yale yatakayoonyeshwa kwa majaji. Mwalimu Sumari akaniruhusu nilibebe kwenda nyumbani Jumamosi tarehe 17, ili wazazi walione na mimi nifanye mazoezi ya kusimama pembeni yake, maana kazi yangu ilikuwa kusimama na kuonyesha kwa fimbo wakati Evaresta anaongea.

Tulilitundika ukutani ndani. Koko alilitazama kwa muda mrefu akasema, "Mlima umeukalisha vizuri, kama ng'ombe aliyeshiba." Baba aliufuata mfereji kwa kidole mpaka kwake. Mama akaweka kidole chake juu ya yale maandishi yaliyopigiwa mistari, akauliza, "Na hapa pameandikwa nini?"

Nikamwambia pameandikwa maji yanatoka msituni.

Sijui kwa nini sikumwambia. Yaani najua. Nilikuwa nimelitafsiri kichwani kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, na kwa Kiswahili halikuwa jiografia tena. Lilikuwa tusi. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeliona kama jibu la mtihani.

Asubuhi yake, Jumapili, mawingu yalikuwa yameondoka. Nilimshikia Koko ndama wakati anakamua. Kwetu jua huchelewa, unakumbuka, mbingu inakuwa nyeupe kabisa na sisi bado tuko kivulini tunatetemeka. Halafu likachomoza juu ya mlima, likanipiga machoni. Nikawa nimelitazama hivyo, na kile kisentensi cha kidato cha kwanza kikaja chenyewe: ukilitazama jua linapochomoza, kushoto kwako ni kaskazini.

Nikaachia ndama nikanyoosha mikono. Mkono wa kushoto ulielekea Oldonyo Sambu, Longido, Namanga. Mkono wa kulia ulielekea mjini. Na mlima ulikuwa mbele ya pua yangu, chini ya jua. Kila mtu anajua Kenya iko kaskazini, Shangazi. Hata Koko anajua. Na Namanga haiko juu ya mlima.

Ndama alikuwa ameshafika kwa mama yake na kunyonya maziwa yote. Koko akaniuliza, "Unakausha nguo gani hapo?" kwa sababu bado nilikuwa nimenyoosha mikono.

Sisi tuko magharibi. Tuko upande ambao upepo hufika umekauka. Maji ni kidogo tangu msituni. Wajomba wanapata kidogo na Baba anapata kilichobaki kwenye kidogo. Na mimi nilikuwa nakaribia kuwatangaza wajomba zangu Ulaya kuwa wezi, kwa mshale mwekundu wa maka peni.

Jumatatu nilimwambia Evaresta. Alinisikiliza akacheka. "Wee! Mzungu atajuaje mlima wetu umekaa wapi?" Nikamwambia maelezo yote yanaegemea pale. Akasema, "Maka peni haifutiki, majaji ni Alhamisi, na manila imeshafunikwa nailoni. Unataka nini sasa?" Nikasema tumwambie Mwalimu. Akaacha kucheka. "Mwalimu ameshamwambia mkuu wa shule, mkuu ameshamwambia kila mtu. Baba yangu ameshanunua begi la safari, Namnyaki. Begi lenye magurudumu! Wewe kaa kimya tu. Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tunavyoongea. Lakini liliniingia, na tangu hapo sikuweza kukaa sehemu moja. Jumanne nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu nikarudi. Jumatano nikaenda tena, Mwalimu Sumari akatoka akaniona, akasema, "Mheshimiwa, hata wewe una wasiwasi? Wewe utashika fimbo tu!" Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikageuka nikarudi darasani.

Alhamisi tukaenda. Ukumbi ulikuwa wa chuo kimoja mjini, mabango yamepigwa pini ukutani, wanafunzi wa shule nyingi wamepaka mafuta mpaka wanang'aa. Majaji walikuwa watatu: mama wa Kizungu mrefu, mwanamume wa Kikenya aliyevaa tai, na mama mmoja wa Kitanzania wa chuo kikuu mwenye miwani ya kamba. Evaresta aliongea vizuri, Shangazi, siwezi kumnyima. Nilipokuwa nikionyesha msitu, yeye aliuelezea mpaka nikausikia baridi. Alipofika kwenye watu wa juu, mama wa Kizungu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Aliwasikitikia Baba na ng'ombe wake. Aliwakasirikia wajomba zangu, watu ambao hajawahi kuwaona.

Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari za mshale. Hakuna hata mmoja! Nilikuwa nimekaa siku zote zile nikiogopa swali, na swali halikuja. Yule Mkenya, kwa adabu tu, maana alikuwa ameshageukia bango la wengine, akanitazama akauliza kama nina la kuongeza.

Nyuma kabisa nikasikia mtu wa shule yetu ananong'ona, "Mheshimiwa hana la kuongeza," na wenzake wakacheka puani.

Nikasema ninalo.

Nilianza kwa Kiingereza. Nikasema mlima, halafu Kiingereza chote nilichosoma kikaondoka na hakikuaga. Fimbo ikawa inagongagonga ukuta. Yule mama wa miwani akasema, "Sema kwa Kiswahili, mwanangu. Mimi nitawatafsiria." Lakini hata Kiswahili sikukiona. Basi nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Niliweka fimbo chini nikaanza kung'oa pini.

Evaresta alisema kwa sauti ya chini, "Unafanya nini? Namnyaki. Namnyaki!" Pembe moja ilichanika. Nikalishika bango kwa mikono miwili nikaligeuza, likalala ubavu, mpaka mlima ukawa mkono wa kulia na maandishi yote ya Evaresta yakaanguka kifudifudi. Ukumbi mzima uliinamisha shingo upande mmoja kama kuku wanaosikiliza. Mwalimu Sumari kule nyuma naye aliinamisha.

Nikasema, "Kwetu kumekaa hivi."

Baada ya hapo maneno yakaja, sijui yalikuwa yamejificha wapi. Nikawaambia mshale unaonyesha jua linakotoka, si kaskazini. Kwamba kwetu mlima ni juu, na sisi wote tukisikia juu tunanyoosha kidole kwake, ndiyo maana nimekosea mimi niliyechora na si mwenzangu. Kwamba mvua inaanguka upande wa pili, kwa kina Mwalimu Sumari. Watu wakacheka na kugeuka kumtazama, naye akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Yule Mkenya hakucheka. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Na hawa watu wa juu mliowashtaki hapa?"

Nikasema, "Tumewasingizia."

"Unawafahamu?"

"Ni wajomba zangu."

Ndipo nikamwona Evaresta. Alikuwa amekunja mikono, anatazama sakafu, machozi yanamdondoka kwenye viatu vile vya kanisani alivyovipaka rangi vikaonekana vipya.

Tangu Alhamisi hajanisemesha. Ijumaa alihamia dawati la mbele. Mwalimu Sumari naye alisema tu, "Tungoje." Majibu ni Jumanne. Baba Mdogo anasema nimefanya vyema, lakini yeye anasema hivyo hata nikichoma ugali. Mimi sijui, Shangazi. Dakika hii nafurahi, dakika inayofuata naliona lile begi lenye magurudumu. Sikumwambia Mwalimu mapema, nikamwaibisha Evaresta mbele ya watu, na nilikuwa na siku tatu nzima za kusema. Naacha hapa kwanza, nimesikia geti.

Jumatano, 28 Agosti.

Shangazi, ilikuwa mbuzi wa jirani. Nisamehe kwa kukuacha.

Hatukuchaguliwa. Mwalimu Sumari alitusomea jana mbele ya darasa. Litakwenda bango la shule nyingine kuhusu udongo unaoliwa na mvua. Akasema wazi kwamba majaji walilipenda letu na kwamba tungenyamaza huenda lingekwenda. Wengine wakageuka kunitazama. Nilitamani sakafu ipasuke. Halafu akasema, "Na aliyelikagua ni mimi. Fumbeni macho wote, nyoosheni kidole kaskazini." Tukafumba, tukanyoosha. Alipotuambia tufumbue, vidole vyote vilikuwa vinatazama mlimani, na cha kwake pia. "Kwa hapa mmepata," akasema. "Sasa mkihama mtanyoosha wapi?" Akatoka, kengele ilikuwa bado. Sijui alikuwa amekasirika au vipi. Bado namfikiria.

Leo mchana nilikuwa namshikia Baba Mdogo chuma, nikasikia mtu anapiga geti kwa teke kwa sababu mikono imejaa. Evaresta. Alikuwa na manila iliyoviringishwa kwapani na maka peni kwenye mfuko wa nailoni. Macho yamevimba. Hakusalimia.

"Miaka yote umekaa kimya," akasema. "Siku ya kuongea ukaichagua yangu."

Nikamwambia samahani. Nikamwambia nilifika mlango wa ofisi mara mbili. Akasema, "Mlango hauna masikio, mshamba wewe, mimi ninayo. Ungenishika hata koo." Nikasema kweli. Baba Mdogo akajifanya anatafuta nati.

Nikauliza begi limekuwaje. Akasema baba yake sasa anatilia vitenge, linavutika vizuri tu, hana shida nalo. Hapo akacheka kidogo, na mimi nikacheka nikilia.

Manila aliileta kwa sababu yangu. Jumapili jioni Baba Mdogo alipeleka habari Olkokola bila kuniuliza, na Baba ameagiza kwamba Jumamosi hii kuna kikao cha mfereji, wa juu na wa chini wote, na anaitaka ile ramani. Si ile yenye tusi. Mama ameshaambiwa palikuwa pameandikwa nini. Aliniletea ujumbe wa maneno machache tu: nije, na niwatafsirie wajomba mwenyewe nilichokuwa nimeandika na nilichokuja kukiona. Nilikuwa nimemwambia Evaresta hilo kwenye kikaratasi nilichomtupia dawati la mbele. Kumbe alikisoma.

Tumechora mpaka jua limeondoka uani. Safari hii mshale ameuweka yeye, baada ya kunitoa nje kwanza nimwonyeshe jua kwa mkono. Kaskazini iko juu, mlima uko kulia. Koko atasema nimemwangusha ng'ombe wake. Nilimwomba Evaresta aje aongee yeye, wazee watamsikiliza. Akasema atakuja, lakini ameshaamua kazi yake. "Nitashika fimbo tu, Mheshimiwa."

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama, Shangazi. Baba upande mmoja, wajomba upande mwingine, na mimi katikati na karatasi. Tangu nimejua hilo nimeshamwaga chai mara mbili. Majaji walikuwa wageni, wangeondoka. Hawa nitakula nao maisha yangu yote. Niombee sauti isiondoke.

Sasa kabla sijafunga nataka nikulipe kitu. Ulisema kwenye barua ya Pasaka kwamba tangu uende huko huwa unapotea, kwa sababu hakuna mlima, na ukitoka zahanati asubuhi hujui juu ni wapi wala sisi tuko upande gani. Nililisoma nikacheka, nikadhani unatania. Sasa silicheki tena. Nimetazama ramani ya ukutani, si kwa kubahatisha. Asubuhi ukitoka, litazame jua linapochomoza, unyooshe mkono wa kushoto, halafu uusogeze nyuma kidogo tu. Hapo ndipo tulipo.

Nisalimie sana Baba Ebenezer, umbusu Ebenezer miguu yote miwili inayojifunza kusimama. Baba Mdogo Meitamei anakusalimu, Evaresta anakusalimu ingawa hamjuani, na Koko anasema mafuta ni ya kupaka asubuhi na jioni. Mungu aliyekuvusha njia yote ile akulinde, na goti lako alipe nguvu za kukurudisha siku moja hata kwa likizo.

Mimi mwanao, nikupendaye na ninayetetemeka,

Namnyaki.